Alovera si mnyaa, na ute si utomvu

Kwenye mabenchi ya saluni za Sinza, Dar es Salaam, alovera inasifiwa kuliko daktari. Nyingine katika sifa hizo ni za kweli. Shida huanza mtu anapokata jani na kujipaka chochote kinachotoka.

Dhana: Jani zima ni dawa

Jani hilo lina majimaji ya aina mbili. Chini ya ganda hutoka utomvu wa njano, na huo ndio shubiri yenyewe, ile ya "chungu kama shubiri", ambayo kina mama hupaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa. Una aloini, kemikali chungu, na wapo unaowawasha ngozi. Ute usio na rangi uko katikati, na karibu asilimia 99 yake ni maji. Lisimamishe jani kwanza, njano ichuruzike, ndipo umenye.

Dhana: Ute huo huotesha ngozi mpya

Maabara ndiko ilikoanzia hii. Seli za ngozi zikiwekwa ute kwenye kisahani, fibroblasti, zile zinazotengeneza kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), huweza kuchangamka. Ila kisahanini seli ziko uchi. Mwilini zimefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, na sukari zenye molekuli kubwa za ute hazilipenyi kirahisi. Unachopata zaidi ni unyevu na ubaridi, jambo ambalo kwa joto la Februari si haba.

Basi kidonda kilicho wazi, je? Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanawake waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka. Waliotibiwa kwa kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Walioongezewa jeli ya alovera, siku 83. Na ukiunguzwa na mafuta ya kukaangia mihogo, tangulia na maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20.

Dhana: Maziwa ya mnyaa huondoa chunjua

Hapa sina utani. Mnyaa, mmea wa vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe kama maziwa, si jamii ya alovera; ni uzio wa viwanja vingi Kigamboni na Mbagala, na watoto huvunja vijiti vyake wakichezea. Maziwa yake yana esta za forboli, kemikali zinazoziamuru seli zivimbe na kugawanyika ovyo. Kwa panya wa maabara, huchochea uvimbe wa saratani. Ngozi hubabuka. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi mfululizo robo saa au zaidi, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia.