Simama Uone Tairi Lako Linavyofungwa

Wateja wengi wanaofika kwenye kazi yangu ya kufunga matairi hapa Uyole, Mbeya, huanza na swali la aina ya tairi: ninunue la Kijapani au la Kichina, jipya au la mtumba? Ni swali la haki. Ila kwa ninavyoijua kazi hii, nusu ya uzima wa tairi iko mikononi mwa anayelivalisha kwenye rimu. Ubaya ni kwamba kosa halionekani palepale. Gari linashushwa kwenye jeki, upepo umejaa, unalipa, unaondoka. Kosa linajitokeza breki zimeshapata moto kwenye mteremko wa Kitonga, au unashuka Mlima Nyoka na mzigo, au mvua ya Rungwe imekukuta kwenye kona za kwenda Tukuyu.

Kwa hiyo nawaomba madereva wenzangu: tairi likifungwa, usiende kunywa chai. Simama uangalie, na uanze kuangalia mdomo.

Mdomo wa tairi, ule ukingo unaokaa kwenye rimu, una pete ya waya za chuma ndani yake. Waya hizo ndizo zinazolishikilia tairi lisichomoke ukikata kona, na hazivutiki. Sasa mdomo ni mdogo kuliko kingo ya rimu, lakini inabidi uvuke. Unavukaje? Rimu imetengenezwa na bonde katikati. Fundi akiwa anaingiza sehemu ya mwisho ya mdomo upande wake, upande wa pili lazima uwe umesukumwa chini ukalala kwenye lile bonde. Hapo unapatikana ulegevu wa kutosha na tairi linaingia bila ugomvi. Upande wa pili ukiachwa umekaa juu, hakuna nafasi. Utamwona fundi anaongeza mtarimbo wa pili, anauning'inia kwa uzito wake wote, anagonga na nyundo. Ukiona nguvu za namna hiyo, msimamishe. Waya zinaweza kukatika ndani kwa ndani, au mpira ukachanika, na kwa nje tairi likabaki zuri kama lilivyotoka dukani.

Kuna mama mmoja anayebeba viazi kutoka Umalila kwa Probox. Tairi lake la nyuma lilikuwa linapungua upepo kila baada ya siku chache.

“Mwanangu, nimeambiwa rimu imepinda, ninunue nyingine.”

“Shikamoo mama. Tulitoe kwanza tulione.”

Rimu haikuwa na tatizo. Kwenye mdomo wa tairi palikuwa na jeraha la urefu wa kidole, mpira umebanduka, waya ziko wazi na zimeshika kutu. Ni alama ya mtarimbo, hakuna kitu kingine kinachochana pale namna ile. Upepo ulikuwa unapenya hapo taratibu. Nilimwambia ukweli kwamba jeraha la mdomo halizibwi kwa kiraka wala gundi. Tairi hilo limekwisha, ingawa kashata zake, yale mafundo ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa bado ndefu. Iliniuma, kwa sababu lilikuwa karibu jipya na yule mama hapati hela kirahisi.

Mdomo unatakiwa upakwe kilainishi kabla ya kuingizwa. Kipo cha kiwandani cha kazi hiyo. Wengi wetu tunatumia maji ya sabuni, na yakiwa mepesi yanafanya kazi, kisha yanakauka. Kisichofaa kabisa ni oili ya injini au grisi. Oili inakula mpira, na kwa kuwa haikauki, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu ukikanyaga breki kwa nguvu. Kabla ya kupaka chochote, fundi asugue rimu kwa brashi ya waya pale mdomo unapokaa. Kutu na gundi kavu zikibaki pale, upepo utavuja hata tairi likiwa zima.

Kwenye kujaza upepo nataka nisisitize, maana hapa watu wanapoteza mikono na maisha. Tairi la gari dogo likijazwa, mdomo hupanda na kukaa mahali pake kwa mlio, mara moja kila upande. Ikiwa umefika psi 40 na haujakaa, usiongeze. Toa upepo wote, paka sabuni tena, sogeza tairi, anza upya. Anayeendelea hadi 60 au 70 akisubiri mlio anacheza na bomu, na mara nyingi uso wake uko juu yake. Vilevile kuna wanaomwagia petroli ndani na kuwasha ili mlipuko uusukume mdomo. Ukimwona fundi wako anatafuta kiberiti, chukua tairi lako uondoke. Kwa rimu za malori zile za vipande, zenye pete ya kufungia, hakuna mjadala: zijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo, fundi amesimama pembeni. Pete ikiruka haichagui utingo wala bosi.

Likishakaa, kuna kitu unachoweza kukagua mwenyewe bila kifaa. Karibu na rimu, tairi limechorwa mstari mwembamba unaolizunguka lote. Umbali kati ya mstari huo na kingo ya rimu uwe sawa kila mahali, pande zote mbili. Ukizama sehemu moja, mdomo haujakaa, na gari litadunda hata likipimwa balansi, yaani usawa wa uzito wa gurudumu, mara ngapi.

Soma pia ubavu wa tairi. Neno ROTATION lenye mshale linaonyesha tairi lizungukie wapi gari likienda mbele. OUTSIDE inatakiwa ionekane ukiwa umesimama nje ya gari. Tairi la mshale likigeuzwa, mifereji yake haitoi maji inavyopaswa, na kwa mvua za huku hilo si jambo dogo. Ukiona nukta ya njano, hapo ndipo tairi ni jepesi zaidi, na kwa kawaida huwekwa usawa wa valvu. Valvu yenyewe, ikiwa ni ya mpira, ibadilishwe kila unapobadilisha tairi. Ipinde kwa kidole utazame shina lake: nyufa zikifunguka, haina maisha. Kwa matairi ya mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene kwenye tairi la miaka kumi na mitano zisikudanganye, mpira wake umeshakauka.

Kama unanunua mawili tu, nashauri yakae nyuma, hata gari likiwa linavutwa na magurudumu ya mbele. Najua wengi wanataka mapya yawe mbele. Lakini barabara ikiwa na maji, tairi kipara la mbele likiteleza unalihisi kwenye usukani na unaweza kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, mkia wa gari unakupita kabla hujajua la kufanya.

Sasa nati. Kabla gurudumu halijarudishwa, uso wa habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) na mgongo wa rimu vifutwe kutu na tope, maana rimu ikikaa juu ya uchafu, nati zitaonekana zimekaza na uchafu ukisagika zitalegea. Kwa nati za koni, upande wa koni uelekee rimu. Nimekuta zimegeuzwa, na matundu ya rimu yameshaanza kupanuka kuwa yai. Zianzwe kwa mkono mpaka zishike vizuri, kisha zikazwe kwa kuvuka: ukikaza moja, inayofuata ni ya upande wa pili, si ya jirani. Kukaza kwa mwisho kufanyike gari likiwa chini, kwa spana ya kupimia nguvu. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Kupanda juu ya spana na kuirukia hakuongezi usalama. Bolti inavutika, na siku moja inakatika. Diski ya breki nayo inaweza kupinda, ukaanza kusikia pedali inatetemeka kila ukikanyaga. Oili kwenye nyuzi za bolti usiruhusu, inafanya nati ikaze kupita kiasi bila mkazaji kujua.

Usukani ukitetemeka kuanzia mwendo wa 80 hivi na kuendelea, mara nyingi ni balansi. Gari likivuta upande mmoja, au tairi likiliwa ukingo mmoja, kapime alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu.

Kwa wenye malori, matairi pacha ya nyuma yawe na kimo kimoja na upepo sawa, la sivyo lililo kubwa ndilo litakalobeba mzigo wa mwenzake, lipate joto na kupasuka. Valvu zikae pande mbili tofauti, ile ya ndani ifikike kwa mkono bila kufungua gurudumu, vinginevyo hakuna atakayeipima mpaka safari iishe. Na malori ya zamani ya Kijapani mengi, nati za upande wa kushoto hufungwa kinyume. Utingo mgeni asipoambiwa atakata bolti akidhani anafungua.

Ukishafungiwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka hapa kuelekea Dar es Salaam, simama Chimala. Ukielekea Kyela, simama Tukuyu. Beba spana yako mwenyewe, subiri magurudumu yapoe kidogo, kisha pitia nati zote, na za spea kama ndiyo uliyofunga.