Kiwango cha dawa katika damu si hesabu ya vidonge

Bukavu hii, hasa kwenye farmasi za Kadutu, hukosi kusikia: “Papa ule damu yake imeshiba Valium, ndiyo maana haimulalishi tena.” Inasemwa kwa uhakika kabisa, na si kweli.

Kiwango cha dawa katika damu ni kipimo cha dawa iliyomo wakati damu inachotwa, miligramu au mikrogramu kwa lita. Basi. Hakisemi mtu amemeza vidonge vingapi wala atalala namna gani.

Tuchukue diazepamu, ndiyo hiyo Valium. Nusu yake huondoka kwa saa 20 hadi 50, wazee zaidi, na ini huigeuza kuwa nordazepamu, ambayo nayo inatuliza na inakawia zaidi. Tuseme nusu inaondoka kwa siku mbili. Anayemeza kidonge kila usiku hukuta sehemu 7 kati ya 10 za kile cha jana zingalimo. Kiwango kinapanda, halafu baada ya siku kumi hivi kinasimama, karibu mara tatu na nusu ya usiku wa kwanza. Kinachoingia na kinachotoka vimelingana. Damu si bidoni, eti ijae ikatae.

Kwa hiyo usingizi ukipungua mwezi wa tatu na dozi ni ileile, damu haina kosa. Ubongo ndio umezoea: vipokezi vya GABA, yaani sehemu za ubongo ambapo dawa hii hutuliza, vinaitikia kidogo. Kiwango cha damu ambacho mzoefu anazunguka nacho sokoni akibishana bei ya sombe ingemlaza asiyezoea mchana kutwa. Karatasi ya maabara peke yake haimtambui aliyelewa.

Linaloniudhi zaidi ni hili: mtu ameacha vidonge ghafla, siku ya sita anaanguka kama mgonjwa wa kifafa. Watu wanasema karuho, yaani amelishwa sumu, wanamnywesha maziwa. Maziwa hayasafishi diazepamu, na hapo shida ni kwamba inaisha. Kwa kuwa inashuka polepole, mtikisiko wa kuiacha unaweza kuchelewa siku kadhaa, hata wiki, na huweza kuua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Basi mama, papa akikosa usingizi, useme tu amezoea dawa. Asijiongezee kidonge cha pili, wala asiache leo. Muganga wa hospitali atampunguzia kidogokidogo, kwa wiki, pengine miezi.