Utafiti wa Simulizi katika Michezo ya Ulimwengu Wazi: Kabla ya Kuwasilisha Pendekezo

Kutokana na malalamiko ya wanafunzi wa uzamili ambao mapendekezo yao kuhusu michezo ya video yamerejeshwa, kamati ya maadili ya utafiti inatoa ufafanuzi ufuatao. Hakuna pendekezo lililorejeshwa kwa sababu linahusu gemu. Taaluma hii ina jarida lake, Game Studies, tangu 2001.

Yanayorejeshwa ni yale yanayosimulia mchezo kana kwamba ni riwaya. Katika mchezo wa The Witcher 3 (2015), roho iliyofungwa chini ya mti humwomba Geralt, mhusika anayeendeshwa na mchezaji, aifungue. Akiifungua, watoto yatima wa kinamasini huokoka, lakini kijiji cha Downwarren huangamia na Baron, mtawala wa eneo hilo, hujinyonga. Akiiua, watoto hupotea, naye Baron huondoka na mkewe aliyerukwa na akili kwenda kumtafutia tiba. Tena, kwa kuwa huu ni mchezo wa ulimwengu wazi, yaani ramani imeachwa wazi na mchezaji huenda atakako, mchezaji anaweza kuufikia mti huo kabla ya kutumwa na yeyote, na mfuatano wa kisa ukawa mwingine. Anayeandika kwamba “hadithi inasema” ameeleza njia aliyoipita yeye tu, ilhali kilichopaswa kuchunguzwa ni jinsi wabunifu walivyozipanga njia zote. Saa nyingi za kucheza, ambazo baadhi yenu mnazitaja kwa fahari, si data.

Kwa hiyo, pendekezo lionyeshe jina la mtengenezaji, mwaka, aina ya mashine na namba ya toleo, kwani hata The Witcher 3 ilifanyiwa maboresho makubwa Desemba 2022. Mtafiti ahifadhi faili zinazotunza hali ya mchezo (save) kabla na baada ya kila uamuzi anaouchambua, pamoja na rekodi ya video yenye tarehe. Video ya mtu mwingine iliyopakuliwa mtandaoni haichukui nafasi ya rekodi hiyo.

Anayekusudia kuwahoji wachezaji apate kwanza kibali cha maadili, kisha leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya Kenya), kwa mpangilio huo. Kwa mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18, ridhaa ya mzazi au mlezi iambatishwe kwa maandishi. Mahojiano yaliyofanywa kabla ya kibali hayatapokelewa, hata yawe mazuri namna gani, na kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Aliyerejeshewa pendekezo halazimiki kubadili mada. Aliwasilishe upya kupitia kwa msimamizi wake, likiwa na viambatisho vilivyotajwa.