Kisakinishi si programu

Wiki hii nimesikia tena: "Nimefuta programu zote kwenye Downloads ili nipate nafasi, mbona bado zinafunguka?" Zinafunguka kwa sababu hazijaguswa. Vilivyofutwa ni visakinishi.

Kisakinishi ni faili linaloingiza programu kwenye kifaa, ile tunayoiita setapu: .exe au .msi kwenye Windows, .dmg kwenye Mac, .apk kwenye Android. Programu ikishaingia, faili ulilolipakua waweza kulifuta, ila kama bando ni la shida na utalihitaji tena, lihifadhi kwenye fleshi.

Neno lenyewe linaeleza. Kusakini ni kukaa mahali. Limetoka Kiarabu, mzizi uleule uliotupa maskani. Kusakinisha, basi, ni kumfanya mtu akae, kumpa maskani. Aliyehamia ni programu. Kisakinishi ni kirikuu iliyomletea vyombo, na kirikuu ikiondoka mwenye nyumba yuko palepale. Kumhamisha yeye ni kazi nyingine yenye jina lake, kusanidua. Hata kufuta folda yake ndani ya Program Files, mahali Windows huweka programu, si kusanidua, maana mabaki yake hubaki kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni folda ya C:\Windows\Installer. Jina lake linawaponza watu. Imefichwa, yaweza kula GB nyingi, na mafaili yake ya .msi na .msp yana majina ya tarakimu na herufi zisizosomeka, kwa hiyo anayeikuta hudhani ni takataka. Sivyo. Windows huyahitaji mafaili hayo ili kusasisha, kukarabati na kusanidua programu. Ukiyafuta, leo hutaona kitu. Siku ya kusasisha ndipo utaambiwa faili halipatikani, na kunakili folda ya jirani hakutakusaidia, kwa kuwa mafaili hayo ni ya kila kompyuta na yake. Ukitaka kusafisha mafaili ya Windows yasiyohitajika, tumia Disk Cleanup, zana ya Windows yenyewe ya kusafisha diski, nayo folda hiyo haiigusi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hukukosea kusafisha Downloads, na nafasi umeipata. Sema tu umefuta visakinishi. Zile programu usizozitaka bado zipo; fungua Settings, ingia Apps, uzisanidue mojamoja.