Wasiwasi kwa watu wa emejensi wakati wa mlipuko: maswali mnayoniuliza, na hili la diazepam, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi

Nafanya kazi kliniki ya afya ya akili hapa Mwanza, na toka enzi za korona wengi ninaowaona ni wenzetu wenyewe: manesi na matabibu wa emejensi, madereva wa ambulensi, watu wa usafi, hata wa mochwari. Wanakuja wamechelewa, na wengi wao wanakuja na vidonge walivyojianzishia wenyewe. Hilo la mwisho ndio linaniumiza kichwa, mtaona nalirudia sana huko chini, mniwie radhi ila sitaacha.

Hofu ya kawaida na wasiwasi wa ugonjwa vinatofautianaje?

Kuogopa wakati wa mlipuko ni akili timamu. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza korona ni janga la dunia, tarehe 16 mgonjwa wa kwanza akatangazwa hapa nchini, Arusha, sasa nani hakuogopa? Hofu inayokufanya uvae glavu na barakoa sawasawa hiyo inakulinda. Inageuka ugonjwa pale isipozima ukishatoka zamu. Umekaa sebuleni unaangalia mpira moyo unaenda mbio, usingizi hauji au unakurupuka saa nane usiku, tumbo linavuruga, unafokea watoto kwa kitu kidogo, unanawa mikono unarudi kunawa tena, na kichwani anajirudia mgonjwa yule yule. Hali hiyo ikiwa nawe siku nyingi ndani ya wiki 2 njoo uonekane.

Mbona sisi wa emejensi tunaumia zaidi ya wa wodini?

Kwa sababu nyie ndio mlango. Wodini mgonjwa anafika ana faili na majibu ya vipimo, nyie mnampokea hamjui kabeba nini. Chukulia Marburg, ile homa ya virusi inayotoa damu, Machi 2023 ilitangazwa Kagera, wakaugua watu 9 wakafariki 6, na mhudumu wa afya alikuwemo kwenye waliofariki. Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Wagonjwa wa Kagera wakizidiwa rufaa nyingi zinakuja huku Mwanza, kwahiyo nesi akiona tu mtu ana homa kali na anatapika damu mikono inaanza kutetemeka kabla hata hajauliza katokea wapi, na bado anatakiwa aupate mshipa.

Madereva ndio huwa tunawasahau kabisa. Kabla daraja la Kigongo-Busisi halijafunguliwa Juni 2025, ambulensi ikitoka Sengerema na mgonjwa anayebanwa kifua ilibidi isubiri kivuko, na hata ikiingia kivukoni dereva hana pa kwenda, yuko humo humo na barakoa moja, nyuma anasikia mtu anakohoa na ndugu analia, mbele ni maji. Daraja limekuja ila miili ya hao madereva bado inakumbuka, wapo wanaotokwa jasho wakisikia tu kikohozi kwenye daladala.

Nikikosa usingizi si nimeze tu diazepam nilale?

Hapana. Diazepam inatumika kwa uangalizi, siku chache, kwa sababu maalumu. Ukijimezesha kila ukitoka zamu ya usiku, ndani ya wiki chache mwili unazoea, kimoja hakitoshi unameza viwili, na dawa yenyewe na mabaki yake inakaa mwilini siku kadhaa, kwahiyo unaingia zamu inayofuata bado iko ndani yako, unapiga hesabu ya dozi ya mtoto na akili nzito. Afu siku ukivikosa ukaacha ghafla, wasiwasi unarudi mkali kuliko ulioanza nao na unaweza kupata degedege mtu mzima.

Lakini mimi ni mtu wa dawa, dozi naijua.

Hapana tena. Kujua dozi ya mgonjwa hakukufanyi uwe daktari wako mwenyewe, na hapa ndipo mnaponikasirisha wenzangu, maana mgonjwa akija amejinunulia dawa duka la dawa bila cheti mnamgombeza mbele za watu, ila nyie mnachomoa kwenye troli ya wodi mnaweka mfukoni mwa yunifomu. Mtu mwenye wasiwasi hawezi kupima wasiwasi wake. Anayeanza na nusu kidonge ndio huyo huyo anayeletwa kwangu baadae na mke wake. Usijitibu mwenyewe. Hata ukiwa daktari bingwa, usijitibu mwenyewe.

Na bia mbili tatu pale Kirumba zina shida gani?

Pombe inakulaza haraka halafu inakuamsha usiku wa manane ukiwa na wasiwasi mara mbili. Ila hatari yenyewe ni kuchanganya: pombe na diazepam, au pombe na tramadol, ile dawa kali ya maumivu, vyote vinapunguza kasi ya kupumua, ukilala hivyo unaweza usiamke, na wewe unalijua hilo kwasababu wagonjwa wa namna hiyo unawapokea. Nauliza kila anayekuja, na wengi wanajibu "mara moja moja tu". Hata hiyo mara moja, hapana.

Propranolol, ile dawa ya presha na moyo, si inatuliza moyo tu?

Inapunguza mapigo na kutetemeka, chanzo inakiacha pale pale. Ukiwa na pumu inaweza kukubana kifua vibaya sana. Isiwe ya kuazimana na mwenzako kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Nikibanwa pumzi nitajuaje ni wasiwasi na sio mapafu?

Usikisie, pima. Weka kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ikisoma chini ya asilimia 94, au una homa, au kifua kinauma kama kimekandamizwa, hiyo uonekane kama mgonjwa mwingine yoyote, sasa hivi. Ikiwa vipimo viko sawa na hali ilipanda ghafla, vidole vinafanya ganzi, unahisi unakufa, ikafika kilele ndani ya dakika kama 10 ikaanza kushuka, hilo mara nyingi ni shambulio la wasiwasi. Kaa chini, toa pumzi polepole ndefu kuliko unayovuta, mguu ukanyage sakafu, rudia mpaka ishuke. Na ile energy drink unayokunywa kuanzia saa sita usiku iache, inachochea hayo hayo.

Nikija mtanifanya nini?

Tunaongea kwanza, tena kwa mpangilio, kuna maswali mafupi ya kupima ukali halafu vikao vya kujifunza kushika mawazo yanayokimbia na kurudia taratibu vitu ulivyoanza kuvikwepa. Ikihitajika dawa tunaweza kukuanzishia kama fluoxetine, dawa ya sonona na wasiwasi, inachukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha kazi, wakati mwingine zaidi, na haikufungi kama diazepam. Wengi wanaacha siku ya kumi wanasema haifanyi kazi. Vumilia, na usiache bila kuniambia. Kama tayari unameza diazepam niambie ukweli wa vidonge vingapi, tutashusha kidogo kidogo, sikusemei kwa inchaji, mkuu wako wa kitengo.

Watu wakiniona kliniki ya akili watasema nimechanganyikiwa, au nitapelekwa Mirembe, hospitali ya akili Dodoma.

Hupelekwi Mirembe kwa kukosa usingizi. Kama unaona aibu kukaa benchi hospitali unayofanyia kazi, nenda nyingine, Mwanza hii vituo vipo, au ongea na daktari unayemwamini akuone jioni foleni ikiisha. Maneno ya watu yatakuwepo, lakini nesi aliyetulia anarudi kazini na wanaomsema wanasahau.

Si nisubiri wimbi lipite, nitakaa sawa tu?

Hapana. Wapo waliosubiri korona iishe, ikaja Marburg Kagera, wakasubiri hiyo nayo. Kadiri unavyosubiri ndio vidonge vinaongezeka mfukoni. Na ukianza kuwaza kujidhuru, au unajikuta unahesabu dawa zilizoko kabatini, hiyo ni leo, hata kama uko zamu. Mwambie mtu aliye karibu, akae na wewe, uletwe emejensi kama mgonjwa.

Mimi ni inchaji, nifanye nini?

Panga rota watu walale, acha dabo shifti mfululizo. Hakikisha mavazi ya kujikinga yapo kabla mgonjwa hajafika, maana hofu nyingi ni ya glavu zilizoisha, hilo si la kuombewa. Usiwalazimishe kukaa duara wasimulie kifo cha jana mbele ya kila mtu, anayetaka kuongea aongee, asiyetaka mwache apumzike umuulize kesho. Na troli ya dawa ihesabiwe kila zamu.

Mume wangu ni tabibu wa emejensi, siku hizi haongei, anaoga nje saa nzima ndio aingie ndani. Nimsaidieje?

Mama, usimwambie ajikaze, kajikaza vya kutosha. Mwache aoge, mwekee chakula, usiku watoto wakilala muulize analala saa ngapi na anameza nini, uliza hivyo hivyo moja kwa moja. Ukikuta vidonge kwenye nguo zake usivitupe chooni kimya kimya, akiviacha ghafla ndio hiyo degedege niliyosema. Viweke kwenye mkoba na pakiti yake, mje navyo wote wawili.