Ngisi mdogo si lazima awe mtoto

Juzi, kwenye maonyesho ya samaki hapa Jinja, mama mmoja muuza samaki alisimama mbele ya sinia letu la ngisi waliotoka pwani ndani ya barafu. Akawatazama wale wadogo, akauliza kwa uchungu: "Mwalimu, mbona hawa wamevuliwa wangali watoto?"

Nikamchukua mmoja, nikampasua tumbo. Ndani mlikuwa na vijiti vyeupe, vyembamba kama uzi, vimelala pamoja. Hivyo ni vifurushi vya mbegu za kiume, na dume huvikabidhi kwa jike kwa mkono mmoja ulioumbwa tofauti na mingine. "Huyu ni mtu mzima, mama," nikamwambia.

Miongoni mwa waliochunguzwa kwa kina ni ngisi wa Japani aitwaye Heterololigo bleekeri. Dume mkubwa hubadili rangi, huwasukuma wenzake, humpanda jike na kuweka vifurushi ndani ya mwili, karibu na mlango wa mayai. Kisha hukaa ubavuni mwake akimlinda mpaka atage. Dume mdogo hawezi vita hivyo, kwa hiyo hudoea. Hujipenyeza ghafla, uso kwa uso na jike, na kubandika vifurushi vyake chini ya mdomo. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo: kabla ya kubandika mayai mwambani, jike huyashika kwanza kwa mikono yake, na hapo ndipo mbegu za mdoezi hupata nafasi. Mayai mengi huwa ya yule mkubwa, lakini mdogo hakosi fungu lake.

Linalonishangaza kila ninapolifundisha ni kwamba mbegu zenyewe zimetofautiana. Za mdoezi ni ndefu kuliko za mkubwa, tena hukusanyika kundi moja kwa kufuata hewa ya kaboni dayoksaidi zinayoitoa zenyewe. Za mkubwa hazifanyi hivyo. Maana yake, ushindani hauishi madume wakiachana. Unaendelea hadi kwenye mbegu.

Mwaka 2024 watafiti wa Japani walionyesha kwamba tarehe ya kuanguliwa ina uzito mkubwa hapa. Wanaoanguliwa mapema katika msimu huwa wakubwa walinzi, na wanaochelewa huwa wadoezi. Ngisi huyu huishi kama mwaka mmoja tu, hana msimu wa pili wa kujaribu tena. Aliyechelewa akisubiri anenepe, huenda akafa bila kuzaa.

Mama yule akaniuliza kuhusu ngege wetu, yaani tilapia. Dume wa ngege huchimba shimo kwenye mchanga wa maji mafupi na kulilinda. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai kinywani. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba watoto wa kinywa kimoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Na kwenye bwawa lililojaa kupita kiasi, ngege hukomaa wakiwa wadogo sana. Wafugaji wengi huwaona wakadhani ni vifaranga, kumbe tayari wanazaliana na kugombania chakula kilekile.

Kabla ya kusema ngege wadogo ni watoto, mgeuze mmoja tumbo juu, umpanguse kwa kitambaa chenye maji, utazame nyuma ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Kisha mfungue jike kinywa taratibu, juu ya beseni la maji, maana mayai yakiwemo yatamwagika.