Kwa nini pesa hukatwa halafu duka linasema hujalipa?

Unakata tiketi ya basi la Dodoma kwa simu. Umeingiza namba ya kadi, umebonyeza "Lipa", kiduara kinazunguka weee. Meseji ya benki inalia: Sh 35,000 zimetoka. Unarudi kwenye ukurasa wa kampuni ya basi, unakuta maandishi mekundu: "Malipo hayajakamilika, jaribu tena." Hapo wengi hujiona wameshaibiwa. Mara nyingi hakuna aliyeiba, na wala hakuna aliyedanganya. Jibu ndilo lililopotea njiani.

Kati ya duka na akaunti yako kuna programu iitwayo lango la malipo. Benki nyingine hukodi la kampuni ya nje, nyingine huwajengea wafanyabiashara wake la kwao. Kazi yake ni kupokea ombi la duka na kulipeleka kwa benki ya mfanyabiashara. Kutoka hapo linapita mtandao wa Visa au Mastercard hadi benki iliyokupa kadi, kisha jibu linarudi kwa njia ileile. Yote hayo kwa sekunde chache tu.

Mazungumzo yao hufuata ISO 8583, kiwango cha kimataifa cha kuandika ujumbe wa malipo ya kadi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na kingali kazini. Ombi la kuidhinisha malipo hubeba namba 0100, jibu lake 0110. Ndani ya jibu, sehemu ya 39 ina herufi au tarakimu mbili tu, na hizo ndizo zinazoamua: 00 imekubaliwa, 51 salio halitoshi, 91 benki ya mteja haipatikani. Karibu kila balaa limepewa msimbo wake, isipokuwa moja: kimya. Jibu lisiporudi kabisa, hakuna cha kusoma.

Chukua mfano wa mtoto uliyemtuma dukani na elfu kumi akanunue sukari. Saa nzima imepita, Juma hajarudi. Je, hakufika? Au alifika, akanunua, akakutana na wenzake wanacheza mpira? Ukimtuma mdogo wake na elfu kumi nyingine, huenda ukaletewa sukari mara mbili. Usipomtuma, huenda chai ikanywewa bila sukari. Dawa ni kumpa yule wa pili kikaratasi: "Hii ni oda ileile ya Juma. Kama ulishamuuzia, usiuze tena, niambie tu."

Kikaratasi hicho ndicho moyo wa lango zuri. Kila oda hupewa namba yake kabla pesa haijaguswa, na ombi likirudiwa kwa namba ileile lango halikati upya, linasoma jibu la mwanzo. Jibu lisipofika katika muda uliopangwa, lango hutuma ujumbe mwingine, 0420, wenye maana ya "lile ombi lifute", na huurudia mpaka ujibiwe. Mwisho wa siku vitabu vya duka, lango na benki hulinganishwa mstari kwa mstari, ili kilichoponyoka mchana kinaswe usiku. Kwa maoni yangu, lango lisilo na kazi hiyo ya usiku halijaisha kujengwa, hata ukurasa wake uwe mzuri kiasi gani.

Na ile Sh 35,000? Kwa kadi, kwa kawaida haijaenda kokote bado. Benki yako imeishikilia: salio unaloweza kutumia limepungua, lakini kampuni ya basi haijapokea kitu. Malipo yenyewe kati ya benki na benki hufanyika baadaye, mara nyingi siku inayofuata au zaidi. Ombi likifutwa, pesa huachiwa kimyakimya. Ndiyo maana wakati mwingine salio hurudi bila kuona mstari wowote ulioandikwa "marejesho".

Pesa za simu nazo hazijapona. Duka likiomba malipo ya M-Pesa, jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo halisi huja baadaye, ukishaweka namba ya siri, na hutumwa kwenye seva ya duka, yaani kompyuta inayopokea oda zake. Seva hiyo ikiwa imelala dakika ileile, umelipa na duka halijui, isipokuwa lirudi kuuliza.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wajenzi wa malango huku kwetu. Kiasi katika ISO 8583 huandikwa kwa tarakimu 12 bila nukta. Shilingi ya Tanzania inahesabiwa na senti, japo senti zenyewe hatuzioni: Sh 15,000 huandikwa 000001500000. Shilingi ya Uganda haina senti katika orodha ya kimataifa ya sarafu, hivyo 15,000 ya Kampala ni 000000015000. Ukisahau tofauti hiyo, mteja wa Kampala anakatwa mara mia.

Basi ukikutana na maandishi mekundu, usibonyeze tena papo hapo. Ukifungua oda mpya, inapata namba mpya, na lango litaihesabu kuwa ununuzi mwingine. Rudi kwanza kwenye oda ileile uone hali yake. Ukilazimika kupiga simu benki, taja saa, kiasi, namba ya oda, na kama unayo, ile namba ya kumbukumbu yenye herufi au tarakimu 12 iliyoandikwa kwenye risiti. Kwa taarifa hizo, watu wa miamala wa benki wanaweza kuutafuta muamala wenyewe na kuona kama ombi la kuufuta lilishajibiwa.